Mtoto wa ami hatoi hesabu za mashua: kikao cha ukoo kinaweza kuwa na nguvu?

Swali. Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete, Pemba. Miaka miwili nyuma nilishirikiana na mtoto wa ami yangu tukanunua mashua na mashine yake. Mimi nilitoa milioni 6, yeye milioni 4, na yeye ndiye nahodha. Mwanzo nilikuwa nikipata changu kila mwezi, sasa huu ni mwezi wa nane sijaona kitu. Anasema mashine iliharibika akanunua nyengine. Wazee wanataka tukae kitako tuyamalize nyumbani, na mimi sitaki kumpeleka mahakamani mtoto wa ami yangu. Ila naogopa tutakaa, tutaombewa dua, na baada ya wiki mbili kila mtu atafanya lake. Ipo njia ya kuyamaliza nje ya mahakama na bado ikawa na nguvu?

Jibu. Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Ipo, na hofu yako ni ya haki. Vikao vingi vya ukoo vinavunjika kwa sababu vinaanza na maneno na kumalizia na karatasi. Mzee anasikiliza pande zote, anasema lake, na yule ambaye maneno yamemwelemea ndipo anapokumbuka kwamba yeye hakukubali tangu mwanzo kuamuliwa na mtu. Karatasi yenye nguvu ni ile inayosainiwa kabla mzee hajafungua mdomo, wakati hakuna anayejua nani atapata na nani atakosa.

Tuanze na kazi mbili ambazo wazee wetu huzichanganya. Mpatanishi haamui kitu. Anazungumza na huyu, anazungumza na yule, anapunguza hasira, na mkikubaliana, makubaliano ni yenu wenyewe. Hakam ni mtu mliyempa ruhusa kwa hiari yenu aamue, na akishaamua mnafungika hata kama mmoja hakupenda. Neno “usuluhishi” halisaidii hapa, kwa sababu linatumika kwa yote mawili. Sheria ya Usuluhishi ya Bara, ya 2020, inazungumzia hakam anayetoa uamuzi. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ya Bara pia, inayoshughulikia migogoro ya kazi, inaita usuluhishi ile kazi ya kupatanisha. Kwa hiyo msiandike “tutatatua kwa usuluhishi” mkaishia hapo. Andikeni kwa maneno ya wazi: fulani atatupatanisha tu, au fulani ataamua na tutafuata. Na mkiletewa fomu kutoka Dar es Salaam iliyoitaja sheria hiyo ya 2020, msiisaini kama ilivyo, maana ni sheria ya Tanzania Bara.

Sheha na kadhi wote wanasaidia watu kupatana, lakini sheha ni mtumishi wa Serikali anayesimamia shehia, na Mahakama ya Kadhi ni mahakama ya Serikali, yenye kazi ya ndoa, talaka, mirathi, wakfu na mfano wa hayo. Hesabu za mashua si kazi ya kadhi. Sheha anaweza kuwa shahidi wa saini zenu na akaweka nakala, na hiyo ni faida ya kutosha.

Sasa kabla ya kumtafuta mtu yeyote, tafuta hesabu. Hapa ndipo pa kutumia nguvu nyingi, kwa sababu ugomvi wa ushirika mara nyingi unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Kuna vyanzo vitatu vya kuanzia. Cha kwanza ni daftari la dalali wa mnada pale dikoni, Tumbe au popote mashua inaposhushia samaki: dalali anaandika kwa sababu naye ana ujira wake ndani ya mauzo. Cha pili ni risiti za mafuta, barafu, mbao, kalafati na vipuri. Cha tatu ni mabaharia wenyewe, kwa sababu kila mmoja anajua alipata fungu lake la shilingi ngapi, na kutokana na fungu moja unaweza kurudi nyuma ukajua fungu la chombo na fungu la mashine vilikuwa kiasi gani. Hesabu msiipange kwa miezi ya kalenda. Kama mashua inavua dagaa kwa taa, ipangeni kwa kila giza, maana mbalamwezi ikiwaka chombo kinakaa. Kama ilikwenda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, hesabu ya dago iandikwe peke yake, kwa kuwa chakula, kuni na mafuta ya kambi ndivyo vitu vinavyotumika sana na kuandikwa kidogo.

Mkishakuwa nazo, zigaweni sehemu mbili: anayokubali na anayokataa. Nitumie tarakimu za mfano, wewe utaweka zako. Tuseme kwa miezi minane fungu la chombo na mashine, baada ya gharama za safari na mafungu ya mabaharia, ni shilingi 7,200,000, na hilo nyote mnalikubali. Matengenezo ni 1,900,000, nayo mnayakubali. Mashine iliyonunuliwa, yeye anasema ni 2,800,000, wewe una habari kwamba aliinunua ikiwa imeshatumika kwa 1,800,000. Kwa maneno yake, kilichobaki ni 2,500,000, na asilimia 60 yako ni 1,500,000. Kwa maneno yako, kilichobaki ni 3,500,000, na lako ni 2,100,000. Angalia basi: 1,500,000 si ya kubishaniwa, yeye mwenyewe kwa hesabu yake anakiri unamdai. Ugomvi wenu ni shilingi 600,000. Watu wanaacha kusemeshana miaka kwa sababu hakuna aliyekaa akaitoa hesabu hii.

Kugawa hivi kuna faida nyengine kwa watu wa kwetu, ambao wengi wanafuata madhehebu ya Shafi. Sulhu ni jambo tukufu, na Qur'ani inasema katika Surat an-Nisaa, aya ya 128, kwamba sulhu ni kheri. Lakini katika fiqhi ya Kishafi sulhu inayosihi ni ile iliyojengwa juu ya kukiri. Mtu akikataa kabisa kwamba anadaiwa, kisha akatoa nusu “ili yaishe”, sulhu hiyo Mashafi hawaipitishi, ingawa madhehebu ya Hanafi, Maliki na Hanbali wanaipitisha. Hii ndiyo sababu baadhi ya masheikh hawapendi kusimamia makubaliano ya kukata katikati, na wao wana hoja: ukikata katikati jambo lisilokiriwa, mmoja anaondoka na kisichokuwa chake. Njia iliyonyooka ni kukipatanisha kinachokiriwa, yaani lini atalipa ile 1,500,000 na kwa mafungu mangapi, na kukihukumu kinachokanushwa, yaani bei ya mashine, kwa hakam anayesikiliza ushahidi. Mwenye kudai alete ushahidi, mwenye kukana aape.

Kwa hiyo mnahitaji mpatanishi wa sehemu moja na hakam wa sehemu nyengine, na nakusihi wasiwe mtu mmoja. Mpatanishi mzuri husikia siri. Mtoto wa ami yako anaweza kumwambia faraghani, “kweli ile mashine sikutoa bei hiyo, lakini nilikuwa na mgonjwa”. Mtu aliyekwisha kusikia hilo peke yake hawezi tena kuwa hakam wa bei ya mashine, kwa kuwa ataamua kwa maneno ambayo upande wa pili haukuyasikia na haukuyajibu.

Hakam awe mmoja au watatu. Wawili wakihitilafiana mnakwama, na kila mmoja atakuwa ameshikilia upande wa aliyemleta. Kwa pesa kiasi hiki mmoja anatosha. Awe anajua hesabu za chombo: nahodha mstaafu, fundi wa boti anayejua bei za mashine, au mtu wa kamati ya wavuvi ya shehia nyengine. Asiwe anamdai au kudaiwa na mmoja wenu, asiwe mkwe, asiwe na fungu katika mashua hiyo wala mnunuzi wake wa kawaida. Mzee wa ukoo si lazima akataliwe, kwa sababu ami au shangazi wa wote wawili yuko sawa kwa karibu. Tatizo la wazee ni kwamba wanaogopa kumkasirisha yeyote, kwa hiyo wanarudi kwenye kukata katikati. Mpeni mzee upatanishi, kazi ambayo heshima yake inafaa zaidi.

Sasa karatasi yenyewe. Ukurasa mmoja na nusu unatosha, na maneno yake yawe kama haya:

*Sisi wawili tulioweka saini hapa chini, kwa hiari yetu, tunakubali kwamba suala la bei ya mashine iliyonunuliwa kwa ajili ya mashua yetu, na kiasi kinachotokana na bei hiyo, litaamuliwa na hakam tuliyemtaja. Hakam atasikiliza pande zote mbili zikiwa pamoja. Kila upande utatoa maelezo na vielelezo vyake ndani ya siku 7 tangu leo, na utapata siku 7 za kujibu ya mwenzake. Hakam ataamua kwa maandishi, kwa kutaja sababu, ndani ya siku 14 baada ya kikao cha mwisho. Uamuzi wake tutaufuata na utakuwa wa mwisho baina yetu kwa jambo hili tu. Gharama za kikao tutagawana nusu kwa nusu.*

Kila sentensi ina kazi yake. “Jambo hili tu” inamzuia hakam asiende kuamua nani amiliki mashua, na uamuzi unaovuka mpaka uliopewa ni rahisi kuvunjwa mahakamani. “Zikiwa pamoja” inakulinda na simu za usiku. Muda wa siku unazuia kikao kuvutwa mpaka bamvua lijalo na lile la baada yake. “Sababu” ndizo zitakazomfanya aliyeshindwa aone kwamba alisikilizwa. Malipo ya hakam, kama yapo, yawe kiasi kinachojulikana tangu mwanzo, kamwe yasiwe asilimia ya atakachokiamua.

Ongeza sentensi moja ambayo watu wanaisahau: hakam ataamua kwa kufuata nini. Hili si pambo. Katika fiqhi ya Kishafi mshirika anayeshika mali ya shirika mkono wake ni mkono wa amana, na akisema mali imepotea bila ya uzembe wake, neno lake kwa kiapo lina uzito mkubwa. Kwa sheria ya kawaida ya ushirika, anayeendesha biashara anatakiwa atoe hesabu, na kukosa risiti kunamdhuru yeye. Kesi moja, njia mbili, na majibu yanaweza kuwa mbalimbali. Chagueni sasa, msimwachie hakam achague baada ya kujua itamfaa nani.

Na kuna sentensi ya kuepuka: “hakuna ruhusa kwa yeyote kwenda mahakamani kwa jambo hili milele.” Inaonekana ina nguvu, lakini ndiyo dhaifu kuliko zote. Sheria ya Mikataba ya Zanzibar, Sura ya 149, imejengwa juu ya sheria ya India ya 1872, na humo makubaliano ya kumfungia mtu kabisa mlango wa mahakama ni batili. Kinachokubalika ni kusema mgogoro utaamuliwa na hakam. Mnaona tofauti: moja inafunga mlango, nyengine inaonyesha mlango wa kwanza wa kuingia. Hata mikataba mikubwa ya biashara duniani inakwenda hivyo. Mkataba wa New York wa 1958, ambao Tanzania iliingia 1964, unazitaka mahakama za nchi wanachama kuheshimu maamuzi ya hakam wa hiari kutoka nchi za nje, na sharti lake la mwanzo ni hilo hilo: makubaliano yawe kwa maandishi.

Swali litakaloulizwa barazani ni kama mtu anaweza kujitoa. Kwa Mashafi, yeyote kati ya wawili anaweza kujitoa kabla hakam hajatoa hukumu, na akishaitoa hahitajiki tena kuridhia, imeshampata. Sheria za usuluhishi za dola kwa kawaida ni kali zaidi: aliyesaini hajitoi peke yake. Ndiyo maana nasisitiza siku 7, 7 na 14. Kadiri kikao kinavyorefuka, ndivyo nafasi ya mtu kubadilika moyo inavyoongezeka.

Siku ya kikao, kaeni mahali pasipokuwa nyumbani kwa mmoja wenu. Varanda ya skuli au ya msikiti inafaa. Hakam asile kwa mmoja kabla ya kuamua. Mtu mmoja awe anaandika, na mwisho wa kikao maandishi yasomwe kwa sauti, kila ukurasa uwekwe saini. Fundi aliyeifunga mashine aitwe na aulizwe namba ya mashine, nguvu zake na ilikuwa katika hali gani alipoipokea. Kwa suala lenu, shahidi huyo mmoja ana thamani kuliko jamaa kumi watakaosema nani ana tabia njema.

Ile sehemu ya kukiri, ya 1,500,000, iandikiwe karatasi yake peke yake, isingoje uamuzi wa mashine. Weka kiasi kizima, kisha mafungu: kwa mfano 300,000 siku ya kusaini, halafu 200,000 kila mwezi kwa miezi 6. Malipo yapite benki au kwa simu ili yabaki na kumbukumbu; pesa ya mkononi ndiyo mama wa ugomvi wa pili. Andikeni kwamba akikosa mafungu mawili mfululizo, deni lote lililobaki linakuwa la kulipwa mara moja. Msiweke faini ya asilimia kwa kuchelewa, kwa sababu hiyo ni riba na itaifanya karatasi nzima ichukiwe na watu mnaowategemea kuisimamia. Badala yake wekeni rahani: hisa yake ya asilimia 40 katika chombo isiuzwe wala kuhamishwa bila ya saini yako mpaka amalize. Na andikeni kuanzia lini hesabu mpya zitatolewa kila giza, nani ataandika na nani atakagua, la sivyo mtarudi hapa hapa mwakani.

Nakala ziwe nne: yako, yake, ya hakam au mpatanishi, na ya sheha. Mashahidi wawili waandike majina yao kamili na wanapoishi. Kabla hamjaifungia kabatini, muulizeni wakili au Mamlaka ya Mapato Zanzibar kuhusu ushuru wa stempu, kwa sababu karatasi isiyolipiwa ushuru unaotakiwa inaweza kukataliwa kama kielelezo siku mtakayoihitaji.

Nguvu yake mwisho wa yote ni ipi? Karatasi ya makubaliano ni mkataba. Akivunja, unakwenda mahakamani kudai mkataba, kesi fupi ya kuonyesha saini na mafungu yasiyolipwa, badala ya kuanza kuthibitisha safari za miezi minane. Uamuzi wa hakam vilevile hauna askari wake, ukikataliwa unapelekwa mahakamani ili utambuliwe na kutekelezwa. Mahakama hairudii kusikiliza bei ya mashine. Inaangalia kama mlikubali kwa hiari, kama kila upande ulisikilizwa, kama hakam hakula rushwa wala hakuegemea, na kama hakuvuka mpaka wa karatasi. Ikiwa kesi imeshafunguliwa, mnaweza kupatana nje na kuyapeleka makubaliano yenu kwa hakimu yakaandikwa kuwa amri ya mahakama kwa maridhiano. Hiyo ndiyo sulhu yenye nguvu kuliko zote.

Wasomaji wengine watataka kuutumia utaratibu huu kwa mambo mengine, kwa hiyo niseme mipaka yake. Kukodi mikarafuu, deni la duka, mpaka wa mashamba ya mwani, haya yote yanakubali. Mirathi yanakubali kwa tahadhari: kwanza kila mrithi aambiwe fungu lake kwa tarakimu, baadaye ndiyo aulizwe kama anasamehe. Dada anayeambiwa “samehe, wewe umeolewa” kabla hajajua fungu lake ni kiasi gani hajasamehe kitu, na fungu la mtoto mdogo halisamehewi na mtu yeyote. Ardhi mnaweza kupatana nani aitumie, lakini kuihamisha kuna taratibu za Serikali ambazo karatasi ya nyumbani haizifuti. Udhalilishaji wa mwanamke au mtoto hauna kikao cha ukoo hata kidogo. Ni jinai, unakwenda polisi na hospitali siku hiyo hiyo, na anayekusanya wazee ili “yaishe ndani” anamwangamiza mtoto mara ya pili.

Jengine, usiuache muda ukapita. Muda wa kisheria wa kufungua madai hausimami kwa sababu wazee wanazungumza, kwa hiyo mpatanishi apewe mwisho, siku 30 zinatosha.

Mtoto wa ami yako naye anaweza kukataa kusaini, na hiyari ni hiyari, hapana wa kumlazimisha. Akikataa, mwandikie barua moja ya adabu: taja kiasi ulichotoa, tarehe ya mwisho kupata fungu lako, watu watatu unaowapendekeza wawe hakam ili yeye achague mmoja, na siku 14 za kujibu. Mpelekee kwa mkono mbele ya mtu wa tatu, na mtoto wa ami yako asaini kwamba ameipokea. Akikataa kusaini, yule wa tatu aandike tarehe na saa aliyokabidhiwa. Nakala yake iweke pamoja na hesabu zako za dalali na mabaharia. Ukilazimika kufika mahakamani, hizo ndizo karatasi za mwanzo kumkabidhi wakili.